Baba Alipoomba Maji ya Kunawa

Nafundisha Kiingereza sekondari moja hapa Bunda. Wiki ile nilikuwa nawaeleza kidato cha pili kwamba Mwingereza humfurahia mtu kwa namna mbili. "I am happy for you": jambo lako limekunyookea, nami nakufurahia nikiwa upande wangu. "I am happy with you": nimeridhika na wewe mwenyewe, sina kinyongo. Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye maswali yake yameshanitoa jasho mara nyingi, akanyoosha mkono.

"Madamu, baba yako huwa anakwambiaga ipi?"

Darasa likacheka. Nikafuta ubao kabla hawajamaliza kunakili.

Baba yangu ni mfugaji wa Butiama. Miaka kadhaa nyuma nilimkataa mchumba ambaye ng'ombe wake wa mahari walikuwa wameshaingia zizini kwetu. Wakarudishwa mchana kweupe, majirani wakitazama. Baba hakunigombeza. Nyumbani kwetu mzazi mwenye kinyongo hasemi kitu, anakataa tu chakula cha mtoto wake. Nilipohitimu ualimu Musoma alikuja na koti lake zuri, akanipa mkono, akasema hongera, na alimaanisha. Soda niliyomnunulia akampa mtu wa pembeni. Iliniuma kuliko kama angenichapa.

Basi nilipomaliza kujenga nyumba yangu nikamwita aje Jumamosi ya wiki ileile, nikiapa kwamba safari hii atakula. Nikachinja jogoo, nikapika wali wa nazi niliojifunza chuoni, nikatandika kitambaa na kupanga vijiko.

Alikagua chumba kwa chumba, akagonga kuta, akasifu bati. "Hongera mama, hii nyumba iko nzuri." Tulipofika mezani akavitazama vile vijiko. "Mimi nimeshiba. Nimekula nyumbani."

Hasira ikanipanda, nikatoka kwenda uani bila hata kuaga. Huko kulikuwa na sufuria ya ugali wa udaga, ule wa muhogo, na dagaa niliyojipikia asubuhi, maana mimi na wali hatupatani. Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kumega, machozi yakinitoka. Ndipo nikajiona nilivyo mjinga. Nilikuwa nimemwandalia baba yangu chakula cha mgeni, na mgeni ana ruhusa ya kushiba kabla hajafika.

Baba akatokea mlangoni.

"Mama, huo ugali umenificha?"

"Sijakuficha, baba. Ni kiporo tu cha asubuhi."

Akaivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. "Leta maji ninawe."

Nikammiminia kwa pupa hata nikamlowesha viatu. Akamega tonge, akachovya, akatafuna polepole.

"Chumvi umepunja," akasema, akamega jingine. Alikula mpaka akakwangua ukoko, kisha akauliza kama hakuna dagaa wengine. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu kama mwehu. Waliomla jogoo wangu ni majirani.

Jumatatu niliingia darasani kichwa juu. "Wewe wa mbele," nikasema, "uliniuliza baba yangu ananiambiaga ipi."

"Ndiyo, madamu."

Nikaiandika ile ya pili, ya "with you", herufi kubwa, kwa nguvu hadi chaki ikakatika.

"Hii. Ila yeye aliisema hivi: chumvi umepunja."

Wakatazamana. Halafu, watoto wale wazuri, wakainama wote wakanakili.