Mabeseni Mawili Ndani ya Tela

Toka utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Mwalimu wake wa darasa la pili ndiye aliyempachika jina la Kwanini, siku alipotaka kujua kwa nini chaki huandika ubaoni na haiandiki kwenye maji. Jina likamganda kama kupe. Aliolewa nalo, akazaa nalo, na sasa, akiwa na miaka hamsini na ushei, yadi nzima ya magari alikofanya kazi ilimwita Mama Kwanini, wala hakununa.

Kazi yake ilikuwa kuendesha pikapu kubwa iliyovuta tela la macho. Tela hilo lilikuwa chumba kizima juu ya magurudumu manne. Nyuma kulikuwa na mabenchi, katikati rafu za miwani, na mbele kabisa, kama mgeni aliyepewa kiti cha heshima, ilikaa mashine ya kupimia macho. Halikuburutwa nyuma ya gari kama mkokoteni. Shingo yake ilipanda juu ya bodi ya pikapu, na pini nene iliyotokeza chini ya shingo iliingia kwenye sahani ya chuma iliyofungwa pale ndani, taya zikafumba. Mafundi waliiita sahani hiyo gurudumu la tano.

"Kwa nini mnaiita gurudumu na haibingiriki?" aliuliza siku ya kwanza.

"Mama, wewe endesha tu," wakamjibu.

Aliendesha miaka tisa. Kila asubuhi aliweka mikono kwenye usukani akamwomba Mungu amfikishe salama, kisha alishuka akaikagua ile pini kwa macho yake mwenyewe. Alisema kuomba bila kukagua ni kumpa Mungu kazi ya utingo.

Shida ilikuja barabara ilipochakaa. Kila walipofika kituo cha mwisho, mashine ilikuwa imepoteza shabaha. Daktari wa macho, mwanamama mpole asiyependa maneno mengi, aliinama, akachungulia, akatikisa kichwa. Watu waliotoka mbali wakageuza njia wakarudi walivyokuja. Mara ya kwanza wakasema bahati mbaya. Mara ya tatu ikaja barua kutoka ofisini: mashine itakapoharibika tena, tela litaegeshwa yadini moja kwa moja, na anayetaka miwani alifuate huko. Ili isiharibike, ofisi itanunua kifaa kimoja cha kulainisha mwendo. Kimoja tu. Dereva na fundi wakichague kabla ya Jumamosi.

Mama Kwanini aliisoma barua hiyo mara mbili. Katika kituo cha mwisho aliishi shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya maziwa. Siku alipovishwa miwani yake ya kwanza, shangazi alimkazia macho akashika mdomo. "Mwanangu! Kumbe umezeeka hivi, na mimi kila siku nakuombea mtoto mwingine!" Sasa miwani ile haikumtosha tena. Mara zote tatu alikuwa kwenye foleni, na mara zote tatu alirudishwa. Siku mbili za njia hadi yadini asingeziweza.

Fundi wa yadi alikuwa ameshaamua kabla hajaulizwa. Kwake kila ugonjwa wa gari dawa yake ilikuwa moja, ndiyo maana wakamwita Springi.

"Springi mpya za tela, mama. Mashimo yanapigwa na nini? Si magurudumu? Basi tunalainisha kwenye magurudumu."

"Na kile kiungio tulichokiona dukani, chenye mfuko wa upepo chini ya sahani?"

"Mapambo hayo! Gari halilalii mto."

"Wewe fundi, hata mkeo akinuna utasema abadilishwe springi."

"Na angebadilishwa, ningekula kwa wakati," alijibu Springi, na yadi ikaangua kicheko.

Alirudi nyumbani na swali lake kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Mumewe alikuwa mshonaji. Alimkuta barazani na gauni la mteja mapajani, analifumua bega.

"Baba watoto, mbona unafumua bega? Si mwenyewe alilalamika mikunjo ya kwapani?"

"Mkunjo unaonekana kwapani, mke wangu. Kosa liko begani. Ukikimbilia panapoonekana, utakata kitambaa cha watu bure."

Mama Kwanini alisimama na kikapu mkononi, akasahau kukitua. Kisha akaenda uani, akachukua mabeseni mawili yaliyofanana, akatoka nayo bila kuaga.

"Hayo ni ya kufulia!" mumewe alimwita.

"Nafulia swali!"

Asubuhi ya pili aliyajaza maji hadi kwenye mstari aliouchora kwa mkaa, sawasawa. Moja akaliweka sakafuni mbele, chini ya mashine. La pili akaliweka nyuma, juu ya ekseli za tela. Akafunga mlango, akamchukua Springi, wakaenda hadi daraja la mawe na kurudi, mwendo ule ule wa kila siku. Walipofungua mlango, beseni la nyuma lilikuwa limepungua vidole viwili. La mbele lilikuwa limebaki na maji ya kunawa uso, na zulia limelowa chapachapa.

Springi alikuna kidevu. "Hilo beseni lako la mbele halikukaa vizuri."

"Haya, tuyabadilishane."

Wakayabadilisha, wakayajaza upya, wakaenda tena, wakarudi. La mbele, lile lililokuwa nyuma, likawa ndilo tupu.

"Kwa nini, fundi? Mashimo yanapigwa na magurudumu, umesema mwenyewe. Mbona maji yanamwagika shingoni?"

Springi alipanda kwenye bodi ya pikapu, akapiga magoti kando ya sahani, akamwambia asogeze gari mbele kidogo, nyuma kidogo. Akasikiliza. Aliposhuka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Pikapu hii ngumu, mama. Nyuma yake ikirushwa, chuma kinapiga chuma, na pigo linapanda moja kwa moja shingoni. Na nani amekaa juu ya shingo? Mashine. Tumempa mgeni kiti cha heshima, kumbe tumemkalisha juu ya mchi."

"Basi tumhamishe nyuma?"

"Hapana. Uzito ukikimbilia nyuma, shingo inakuwa nyepesi, tela litaanza kuyumba litupindue. Akae hapo hapo. Tumtafutie mto." Alitabasamu kwa shida. "Kiungio cha upepo. Usiwaambie watu kwamba nimesema mimi."

Kilifungwa siku ya Jumamosi. Springi alijaza mfuko upepo hadi ukawa mgumu kama mpira wa miguu, wakajaribu, na beseni la mbele likamwaga vilevile. Mama Kwanini akaguna, moyo ukamshuka. Kisha akauliza alama ile ndogo ubavuni mwa kiungio ni ya nini. Wakainama wote wawili. Ilikuwa ya kuonyesha kimo. Wakapunguza upepo kidogo kidogo mpaka sahani ikakaa katikati ya alama, ikapata nafasi ya kushuka na ya kupanda. Wakarudi daraja la mawe. Safari hii maji ya mbele yalicheza tu, yakalamba ukingo, yakatulia.

Jumatatu Mama Kwanini alisafiri na daktari, fundi akabaki yadini, na mabeseni yale yamejazwa tena hadi mstarini. Njia nzima dereva hakuimba wimbo wake wa kuabudu kama kawaida. Alisikiliza mgongo wa gari. Kituo cha mwisho watu walikuwa wameshapanga foleni, na shangazi alikuwa wa tatu, amefunga kilemba kipya.

Daktari aliingia, akainama kwenye mashine, akachungulia. Akachungulia tena. Akanyoosha mgongo.

"Mwite wa kwanza," alisema.

Mama Kwanini alishika mlango, midomo ikamshukuru Mungu bila sauti.

Shangazi alipotoka na karatasi ya miwani yake mkononi, alijikwaa kidogo kwenye beseni la nyuma.

"Na haya ya nini, mwanangu? Siku hizi mnafua njiani?"

"Hayo ndiyo yaliyokuletea macho, shangazi." Kisha akachuchumaa. Beseni la mbele lilikuwa karibu na mstari wake. La nyuma, vidole vitatu chini. Akatoa simu.

"Fundi, tumefika salama, mashine nzima. Ila sasa la nyuma ndilo linalomwaga zaidi. Kwa nini?"

Upande wa pili kikalipuka kicheko cha mtu aliyesubiri wiki nzima.

"Springi, mama! Si nilikwambia?"