Unga Ndani ya Rejeta

Miaka ya sabini vipuri havikupatikana, na dereva wa lori la shambani aliziba rejeta inayovuja kwa unga wa mahindi. Siku tuliyompeleka mke wa mwanangu hospitali ya Karatu, uchungu umemshika tangu jana yake, dereva alitia unga tena. Mlimani injini ikachemka, lori likasimama.

“Ongeza maji,” nikamwambia.

“Hayapiti, mama.”

“Yatapitaje? Umepika uji humo.”

Unga ulikuwa umeiva na kuziba mirija yote. Tukangoja injini ipoe. Mtoto hakungoja, nilimpokea mimi, juu ya magunia. Mama yake damu haikukata. Injini ilipopoa, hatukuwa tena na haraka.

Mjukuu huyo nimemlea kwa maziwa ya ng'ombe wangu. Hapa kwetu Buger hakuna mwanamume anayemfikia kwa urefu.