Mguu wa Kulia, Mstari wa Mbele

Kwaya yetu ya chuo kikuu ina wanafunzi, wafanyakazi, na sisi tuliohitimu zamani tukakataa kuondoka. Mimi huimba sauti ya tatu, mstari wa mbele, tangu nilipokuwa na nywele. Mazoezi tunayafanyia katika ukumbi wa kanisa hapa mtaa wa Umoja, kwa kuwa wengi wetu tunaishi upande huu wa jiji, Eastlands.

Mwaka huu tuliungana na kwaya ya chuo kingine kwa tamasha moja. Sauti zilikubaliana upesi. Miguu ilikataa. Sisi tukiimba huyumba tukianzia mguu wa kushoto. Wageni wetu huanzia wa kulia. Siku ya kwanza tulipochanganywa tuligongana mabega mstari mzima, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akaangusha miwani.

Mwalimu wa kwaya, binti wa rika la wanangu, akaamua wote tuanzie kulia. Wenzangu wakabadilika jioni hiyohiyo. Mimi nikabaki nikienda upande wangu kama mlango uliofungwa vibaya.

"Mzee wetu," akaniambia tulipokuwa tukipanga viti, kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi, "kama Jumapili ya tamasha mguu bado unasumbua, nitakuomba usimame kule nyuma, karibu na nguzo."

Niliijua nguzo hiyo. Waliowahi kupelekwa hapo walianza kukosa mazoezi, kisha tukaanza kuwaona sokoni tu.

Wiki hiyo sikutulia. Niliyumba nikipiga mswaki, nikayumba nikingoja chai ichemke. Makala niliyokuwa nikiandika ilikwama kwenye aya ya pili kwa sababu magoti yangu yaliitikisa meza.

"Baba watoto, hebu keti," mke wangu alisema. Yeye huimba sauti ya pili, na mguu wake haukuwa na shida yoyote. "Jirani wa chini ameanza kugonga dari."

"Anafuata mdundo?"

"Anafuata na ufagio."

Ijumaa nilipitia soko la Muthurwa kununua vitunguu. Mama muuzaji alikuwa akihudumia mteja mwingine, nami nikaona nisipoteze nafasi: kulia, kushoto, kulia. Alinitazama kwa huruma.

"Mzee, choo iko kule nyuma. Enda tu, nitakuchungia hivi vitunguu."

Nilienda. Ingekuwa kazi kubwa zaidi kumweleza.

Jumapili ukumbi ulijaa. Nilisimama mahali pangu, jasho likinitoka kabla ya wimbo. Mwalimu akainua mikono, akanitupia jicho, kisha akaitazama miguu yangu. Nikaanza: kulia. Kushoto. Kulia. Bega langu halikugonga la mtu. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita, nami nikiwa sambamba na kwaya mbili nzima, nikijivuna kama mtu aliyejenga daraja.

Baada ya makofi nilimfuata mwalimu pembeni, kabla hajazungukwa na watu.

"Mguu je, Mwalimu?"

"Mguu ulikuwa sawa kabisa, mzee wetu." Akakunja karatasi zake. "Ila mdomo haukufunguka hadi ubeti wa tatu."

Nilifikiri. Kweli sikukumbuka kuimba neno.

"Kwa hiyo ni nguzo?"

"Hapana, hapana," akasema, akanipigapiga begani. "Mstari wa mbele ni wa kutazamwa. Baki hapohapo."