Sweta Yenye Misonobari

Jumamosi, tarehe 20 Desemba 2025. Baridi kali tangu alfajiri, mawingu mazito, na kufikia adhuhuri manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mapaa ya Lozells, mtaa wa wahamiaji ughaibuni.

Zilpah alisimama jikoni, mvuke wa sufuria ukimpiga usoni, akiimba kidogo. Hakuwa ameimba tangu kiangazi. Ndani ya sufuria mlikuwa na sweta nyeupe ya maziwa, nzito, yenye safu ya misonobari ya kijani kifuani, na Zilpah aliamini kwamba sweta hiyo ingemtoa binti yake chumbani.

Mumewe Alfayo alikuwa dereva wa gari la mizigo. Alisinzia kwenye usukani, akamgonga mtu, na mtu huyo hakuinuka tena. Sasa Alfayo alikuwa gerezani Winson Green, mwendo mfupi tu wa basi, lakini baada ya Krismasi angehamishiwa gereza la mbali, kaskazini. Ziara ya mwisho ya karibu ilikuwa kesho asubuhi. Achieng, binti yao wa pekee, hakuwa amekwenda kumwona hata mara moja. Tangu siku ya hukumu alijifungia. Kanisani haendi, marafiki hawataki, chakula anakichukua mlangoni kama mgonjwa.

Mapema wiki hiyo Zilpah alimsihi nje ya mlango mpaka sauti ikamkauka. Achieng akajibu kwa Kiingereza, kama ajibuvyo siku zote, kwamba hawezi kuingia mahali pale akiwa yeye. Labda angekuwa Tamsin.

Mama mwingine angecheka. Lakini mfa maji hukamata maji, na Zilpah akayakamata maneno hayo.

Tamsin ni msichana wa kwenye televisheni, katika mchezo wa familia inayokwenda likizo kila Desemba kwenye nyumba ya magogo milimani, theluji hadi madirishani. Baba na binti walikuwa wakiutazama pamoja kila mwaka. Alfayo hakuchoka na utani wake: "Huyo binti wa watu mbona amevaa blanketi lenye mikono?" Naye Achieng humrushia mto.

Basi Zilpah aliisimamisha picha kwenye skrini, akasogea karibu hadi pua ikaribie kugusa kioo. Chini ya sweta kulikuwa na shati la mirabamiraba, jekundu na jeusi, kola imetoka juu na pindo limeachwa lining'inie chini, kama mtu aliyevaa bila kujali. Suruali ya kodrai, rangi ya kutu, imekunjwa mara moja kwenye kifundo. Soksi nene za kijivu zimegeuzwa juu ya buti. Kofia ya sufu yenye kishada. Shati alilipata sokoni mjini. Suruali, soksi na buti alipewa na muuguzi mwenzake. Kofia aliifuma mwenyewe akiwa kazini, mzee anayemtunza amelala. Sweta peke yake ilimshinda, mpaka asubuhi hiyo alipoikuta mtaa wa Harborne, katika duka la nguo zilizotolewa sadaka. Aliikumbatia pale pale dukani.

Na sasa alikuwa akiichemsha. Kisumu, kwao, nguo ya mitumba haivaliwi kabla ya kuchemshwa, kwani hujui imetoka mwili gani. Mama yake alimfundisha hivyo, naye hajawahi kuacha. Mashati, shuka, nguo za mtoto, zote zilipita kwenye sufuria.

Alipoiinua kwa mwiko, wimbo ulikatika. Sweta ilikuwa imejikunja, imekuwa ngumu kama zulia, mikono imebaki vishina. Ingemtosha mtoto anayetambaa.

Jirani yake Jeanne, mshonaji kutoka Bukavu, aliingia kwa mlango wa nyuma akamkuta ameketi sakafuni.

"Eh, mama Achieng! Unapika sweta? Leo tutaikula na nini, na ugali wa fufu?"

Zilpah hakuinua kichwa. "Nimeiua, Jeanne. Mtoto hatakwenda."

Jeanne akaichukua, akaivuta, akaacha mzaha. "Sikia, ma sœur, dada yangu. Sufu ikisha kupikwa haifumuke tena. Unaweza kuikata kama karatasi. Leta ingine yeupe, hata ya zamani."

Zilpah akavua sweta nyeupe kuukuu aliyoivaa. Wakakata misonobari, wakaishona kifuani mwa sweta ile kuukuu, Jeanne akisema taratibu, taratibu. Mti mmoja ulipinda. Hawakuweza kuunyoosha.

Asubuhi Zilpah alibisha. Achieng akafungua, akaziangalia nguo zilizopangwa kitini, akapitisha kidole juu ya misonobari.

"Huu umepinda."

"Umepinda, ndiyo."

"Siwezi, Mum."

"Baba yako anahamishwa, mwanangu."

"Najua. Siwezi."

 Pale pale mlangoni Zilpah akavua blauzi yake ya kanisani, akavaa shati la mirabamiraba, akavaa sweta juu yake. Suruali haikupita mapajani, akaiacha na kubaki na sketi yake.

"Unafanya nini?"

"Alikuwa akilicheka blanketi hili. Lazima mmoja wetu ampelekee."

"Watu watakuona!"

"Wameshatuona, Achieng."

Msichana akamtazama mama yake, mwanamke mnene wa makamo mwenye misonobari kifuani. Akanyoosha mkono, akaitoa kola nje, akalivuta pindo la shati lining'inie inavyotakiwa. Kisha akaokota kofia, akamvika, akaisogeza nyuma kidogo.

"Bila kofia si yeye," alisema. Akarudi chumbani na kufunga mlango.

Zilpah aliiweka suruali ya kodrai na buti mbele ya mlango ule. Akashuka ngazi, akasimama kituoni kwenye manyunyu. Basi la kwanza lilipokuja aliliacha lipite, akiliangalia dirisha la chumba cha Achieng, kule juu. La pili alilipanda peke yake, kofia kichwani, akaenda Winson Green.