Kengele Iliyonyamaza Kwenye Mchoro

Saa mbili asubuhi. Bi Mshale amebandika michoro miwili ukutani, na kidole chake kinatembea kutoka mmoja hadi mwingine. Simu inaita, haipokei.

"Nikikatizwa naanza upya," anasema bila kugeuka.

Jina la Bi Mshale amepewa na wenzake, kwa kuwa kutwa hufuata mishale ya michoro. Kampuni yao hutengeneza programu za hospitali, na kabla ya programu kuandikwa, huchorwa. Mchoro mmoja huonyesha hali ambazo kifaa hupitia, mwingine jinsi sehemu zake zinavyopashana habari. Kazi yake ni kuhakikisha yote inasema jambo moja.

Kabla ya kazi hii alishona sare kwa miaka tisa. "Ukikata mwili wa shati kwa kipimo hiki na mikono kwa kingine, haviungani," anasema akicheka. Kompyuta alijifunza jioni, akiwa na mimba ya pili.

Mwezi uliopita alikabidhiwa michoro sitini na minne ya kengele ya wodi ya watoto njiti, inayolia mwili wa mtoto ukipoa. Ilibaki wiki moja kengele ifungwe wodini, na mkataba wake wa miezi mitatu ulikuwa ukingoni.

Mchoro wa mawasiliano ulisema muuguzi akizima kengele, italia tena baada ya dakika mbili kama mtoto bado ana baridi. Kwenye mchoro wa hali, kengele iliingia kisanduku kilichoandikwa "Kimya". Mshale wa kutoka humo haukuwepo.

"Niliutafuta mara tatu," anakumbuka. "Ikinyamaza, ndiyo basi."

Mkuu wa mradi hakufurahi. "Dada, ni mshale tu umesahaulika. Usitucheleweshe."

"Basi tuone programu imefuata mchoro upi. Nikikosea, nitaomba radhi mbele ya wote."

Kipima joto kikatumbukizwa kwenye kikombe cha maji baridi. Kengele ikalia, wakaizima. Dakika mbili zikapita. Tatu. Tano. Kimya.

"Nilifuata mchoro wa hali," akasema mwandishi wa programu, uso umemshuka.

Marekebisho yalichukua siku tatu. Siku ya kuifunga wodini, muuguzi mkuu alirudia jaribio mwenyewe. Kengele ilipolia mara ya pili, alishika kifua.

"Jamani, zamu moja tuko wawili kwa watoto kumi na wanane. Unazima hapa, unaitwa kule, unasahau."

Bi Mshale alijifungia chooni akalia. "Si kwa uchungu. Nilikuwa natua mzigo."

Mkataba umeongezwa miaka miwili. Mama mkwe wake, anayemlelea watoto, bado anashangaa: "Mkwe wangu analipwa kutazama picha!"

Alhamisi, muuguzi mkuu atakuja ofisini na wenzake wanne kufundishwa kusoma michoro. Bi Mshale anataka kila mradi wa hospitali uanze hivyo.

"Wao ndio wanaojua mtoto akipoa inakuwaje," anasema. "Mimi najua karatasi tu."