Transfo ya Panda na Utepe wa Kinshasa

Kama humjui Mama Madeleine Mbombo, basi hujafika Panda, mtaa wetu wa Likasi. Ulipita tu ndani ya lori la shaba, macho yamejaa vumbi. Simama kwenye barabara ya soko uulize: Madeleine wa thomson ni yupi? Watakuonyesha mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha treni, amekaa nyuma ya meza ya thomson, wale samaki wa barafu wanaotoka mbali ndani ya katoni, kisu mkononi. Ukimwambia umetumwa na mimi, Tonton Éphraïm, atakuuzia samaki wa jana. Ananiheshimu sana, ila ana namna yake ya kuonyesha.

Mimi, minye tunavyosema huku, namjua tangu anakimbia bila viatu kwenye kambi ya kampuni ya shaba. Babu yake aliletwa kutoka Kasai enzi za Wabelgiji kuja kuchimba shaba. Baba yake alizaliwa hapa, na yeye alizaliwa hapa. Hata hivyo mwaka wa tisini na mbili, walipoanza kuwafukuza Wakasai kwa jina la Katanga ya Wakatanga, familia nzima ililala kwenye stesheni ya Likasi na masufuria yao, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo Madeleine hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Wengi walipanda. Mama yake alikataa. Mambo yalipotulia walirudi Panda, wakakuta nyumba yao imebaki kuta, milango imekwenda kufunga nyumba za wengine.

Akakua, akaolewa na Joachim, fundi wa mabehewa. Kampuni ilipoanza kukohoa, Joachim alikwenda Kolwezi kutafuta maisha. Aliyapata, tena yakamzalia watoto wawili. Madeleine hakulia sana. Alichukua kile alichoachiwa, akaongeza akiba ya miaka, akanunua congélateur kubwa nyeupe, ile ya kulala kama jeneza la tajiri, agandishe samaki ndani yake. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana congélateur bila umeme ni kabati lenye majivuno.

Na sisi watu wa Likasi, usituchezee, ni watu wa umeme. Bwawa la Mwadingusha liko hapo ku mto Lufira. Nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu zikinguruma kama nyuki, zinakwenda kuwaangazia wengine. Lakini transfo ya mtaa wetu, lile sanduku la chuma lenye mafuta linalopunguza nguvu ya umeme ili uingie nyumbani bila kuua mtu, iliungua zamani. Desturi yetu Wakongo mnaijua: transfo ikifa mnaomboleza, mnachanga, mnanunua nyingine wenyewe, halafu inakuwa mali ya serikali. Panda ilikuwa imechanga mpaka ikachoka. Madeleine alinunua samaki alfajiri, akauza mbio mpaka jua limshinde, na waliobaki akawakaanga au akawagawa. Minye nilikuwa wa kwanza kwenye kugawiwa, sifichi.

Sasa sikiliza. Sheria inasema mji una baraza lake, una sanduku lake la kodi, unaweza kujifanyia mambo yake. Sheria hiyo niliisoma yote isipokuwa mwisho. Tulipiga kura, madiwani wakakaa, wakamweka Maman Christiane, mwalimu wa zamani, kuwa maire, mkuu wa mji. Mwanamke mwenye kichwa. Madeleine akakusanya wauza samaki, wakaenda kwake wakinuka kazi yao.

"Maman maire," akamwambia, "tunalipaka taxe ya soko kila siku ya Mungu. Ile makuta inaendaka wapi?"

"Mama, ndiyo kwanza nimefika. Inaendaka kule kila mutu anajua."

"Basi sasa iende ku transfo. Tuko na giza, na samaki haionaki mu giza, inaoza tu."

Maman Christiane alicheka, lakini alisikia. Baraza likapiga kura, na transfo ikanunuliwa kwa fedha za tiketi za kodi ya soko la Likasi, tiketi zilezile za karatasi nyepesi ambazo wamama wanafungia karanga. Siku iliposhushwa kutoka kwenye lori, waliifuta vumbi kwa vitenge vyao kama mtoto mchanga.

Wiki hiyohiyo Maman Christiane akaitwa Kinshasa kwa mashauriano. Mashauriano hayo mpaka leo hayajaisha. Redio ikatutangazia kaimu: bwana Merdi, kijana wa suruali ya pasi, hajui Likasi iko upande gani wa mlima, lakini anajua nani alimteua. Akatuita, akasema mji hauna haki ya kujinunulia transfo. Mwangaza ni zawadi ya taifa. Hakuna kuwasha mpaka wajumbe wa Ofisi ya Mwangaza wa Taifa watoke Kinshasa waje kukata utepe, ruban tunavyoita sisi.

"Na sisi tufanye nini mpaka pale?" Madeleine akauliza.

"Musubiri, mama."

"Kusubiri tunajuaka, bwana kaimu. Njo kazi ya serikali ilitufundisha muzuri."

Basi tukasubiri. Tarehe ya kwanza ilitangazwa, tukapaka chokaa mawe ya barabara, wajumbe hawakuja. Tarehe ya pili ilitangazwa, safari hii Madeleine akanunua katoni za thomson akijua jioni congélateur itanguruma. Tulikaa juani kutwa. Jioni akafungua katoni mbele ya watu wote, akamwaga samaki waliooza. Paka wa Panda walinenepa mwezi ule, na mwanamke yule akarudi kuuza kwa mkopo wa wengine, akipigiwa kelele na kila aliyempa.

Ikaja tarehe ya tatu. Tangazo kutoka Kinshasa lilisema dix heures, saa nne ya asubuhi. Bwana Merdi alikwenda Lubumbashi kuwapokea wajumbe, akatuachia utepe wa bluu, nyekundu na manjano, umefungwa kwenye mlango wa uzio wa transfo kwa mafundo matatu ya serikali. Tulikuwa hapo mapema. Nilivaa tai na koti langu la harusi, ambalo ukilifunga vifungo linakufunga na pumzi.

"Tonton," Madeleine akaniambia, "leo umevaa cravate, unaenda kuoa transfo?"

"Ikiwa na mahari ndogo, ju ya nini nisioe?"

Samy, fundi aliyeletwa kutoka Lubumbashi, alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la vyuma. Huyo ndiye aliyejua kuwasha, na alikuwa ameshachoka nasi. Saa nne ikafika, ikapita. Barabara tupu. Mvua ndogo ikanyesha, ikatulowesha, ikaacha. Saa tano ikawa inakaribia.

"Banamama," Samy akasema, "minye niko na kazi Kambove. Gari yangu inaondoka. Kama munataka courant, ni sasa. Kama munataka batu ya Kinshasa, mubaki nabo."

Watu wakatazamana. Wazee wakasema tungoje kidogo. Vijana wakasema tulikwisha kungoja mara mbili. Wote mwishoni wakamtazama Madeleine, kwa sababu ni yeye aliyeanza jambo hili, na kwa sababu katoni nyingine zilikuwa nyumbani kwake, zimeanza kutoa maji.

"Ile ruban inafunga mulango," Samy akasema. "Siwezi kuingia bila kuiondosha."

"Tutafungua fundo, hatutakata," Madeleine akajibu. "Tusiharibu kitu ya batu."

Alijaribu kwa vidole, akajaribu kwa meno. Mafundo yalikuwa yamelowa mvua, yamekaza kama roho ya mtoza kodi. Basi akatoa kisu cha samaki kwenye mkanda wa kitenge, akakata. Nakuambia kwa haki, hakuna mtu aliyepiga makofi. Samy akaingia, akafanya yake, transfo ikaanza kunguruma. Halafu nyumba moja baada ya nyingine, taa zikawaka mchana kweupe. Redio ya jirani, iliyosahauliwa kwenye ukuta tangu miaka, ikaanza kuimba. Madeleine alikuwa ameshaondoka mbio kwenda kujaza congélateur. Aliporudi mikono yake ilikuwa imejaa magamba, na alikuwa anacheka peke yake kama msichana.

Ndipo ving'ora vikasikika.

Unajua, nchi yetu moja ina saa mbili. Jua linatuchomozea sisi kabla yao, kwa hiyo saa ya Likasi inatangulia ya Kinshasa kwa saa nzima. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini nani angedhani mtu atawaandikia watu wa Likasi, kuhusu jambo la Likasi, kwa saa ya Kinshasa? Tangu Uhuru, serikali ilikuwa haijawahi kutufikia kwa wakati. Siku hiyo ilifika barabara, bila kuchelewa hata kidogo, kwa saa ya kwao.

Mjumbe mkuu alikuwa mama mrefu wa miwani, sauti ya chini. Aliitazama saa yake, akautazama utepe kwenye matope, akazitazama taa.

"Nani alikata?" akauliza kwa Kifaransa. Minye nikawatafsiria wengine, ingawa wote walielewa.

Mzee mmoja akaanza kuchunguza mawingu. Madeleine bado alikuwa na kisu.

"Ni minye, Excellence."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya samaki. Samaki haingojaka amri."

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichotuponza. Bwana Merdi akapandwa na hasira, mbele ya bosi wake. Akasema huu si utani, huu ni uasi, mji huu unataka kuwa nchi yake, na mwanamke huyu ni mtu wa wale wa kutenga Katanga.

Madeleine akageuka taratibu. "Bale ba kutenga Katanga njo balitulalisha ku gare ya treni, minye na mama yangu, ju tuko ba Kasai. Leo weye unaniweka mu chama yabo?"

Hilo kaimu hakuwa amelisoma. Hata kusoma historia kunahitaji umeme.

Mjumbe, nitamtendea haki, hakupiga kelele. Alisema mambo yanaweza kurekebishwa. Zimeni. Fungeni utepe mwingine. Yeye atakata, kamera itapiga, na mama aliyekata wa kwanza atasema sentensi moja tu: kwamba transfo hii ni zawadi ya Kinshasa kwa watu wa Likasi, na tunashukuru. Halafu tuwashe, kila mtu aende kula.

Minye nilimvuta Madeleine kando. "Sema tu, mama. Mudomo hailipaki taxe."

"Tonton, ile makuta ilitoka wapi?"

"Ku soko. Nani haijui?"

"Basi mbele ya kamera itatoka wapi?"

"Itatoka kule banataka, samaki igande."

Akarudi penye transfo. Nilidhani nimeshinda, kwa kawaida huwa nashinda. Samy, ambaye magari ya wajumbe yalikuwa yameziba njia yake, akazima, redio ikakatika katikati ya neno. Wakafunga utepe mpya, mjumbe akaukata kwa mkasi wa kung'aa, kamera ikasogea mpaka puani kwa Madeleine. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akasema, kwa ile sauti ya kusimamisha treni:

"Hii transfo ilinunuliwa na tiketi ya soko ya Likasi. Kinshasa ilituletea ruban. Kwa ruban, tunasema aksanti."

Mpiga picha akashusha kamera. Mjumbe akavua miwani, akaifuta, akarudi garini. Bwana Merdi ndiye aliyebaki kutoa amri: Samy atoe fusibles, vile vipande vidogo ambavyo bila hivyo transfo ni jiwe. Akavitia kwenye mkoba wake wa ngozi. Siku mama huyu, au mtu mwingine wa Panda, atakapokuja ofisini kusema sentensi sawasawa, akasema, vitarudi.

Hiyo ilikuwa kabla ya masika. Sasa tuko kiangazi. Vipande viko ndani ya droo ya bwana kaimu, na Maman Christiane bado anashauriana. Samaki wa siku ile walioza wote. Madeleine anauza kidogo kidogo, analipa deni na barafu ya kununua mjini. Ndani ya congélateur anaweka unga, kwa sababu panya hawafungui.

Juzi wakubwa wa mtaa walikwenda kwake. Minye pia nilikuwa kati yao, siku zote wananihitaji mahali penye maneno. Walikaa, wakakohoa, wakazunguka. Mwishoni mzee mmoja akasema, "Mama Madeleine, ni sentensi moja. Batoto banasoma na mushumaa. Wewe uko na roho muzuri. Uende, useme, tuikale mu mwangaza."

Alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama.

"Baba, hapa muko bangapi?"

"Tuko benyewe unaona."

"Kila mutu iko na kinywa. Kaimu anataka mutu wa Panda aseme. Hakuandika mahali yoyote kama ni lazima Madeleine. Muende, museme benyewe. Minye sitakasirika. Nitawasha congélateur kama bote."

Tukatoka. Barabarani kila mmoja alimwambia mwenzake: wewe ndiye wa kufaa zaidi. Mzee bado ana miguu imara. Yule mwingine ana mtoto anayetafuta kazi serikalini, itamfaa. Wakamalizia kwangu: Tonton Éphraïm anajua Kifaransa, ana koti.

Nilivaa koti, naam. Nilivaa Jumatatu na nikavaa tena Alhamisi. Nilifika mpaka kwenye kona ya ofisi ile, nikaona mlinzi, nikaona bendera, sentensi nikaishika mdomoni tayari, tena kwa Kifaransa kizuri. Nilisimama pale muda mrefu kiasi kwamba muuza karanga alidhani nangoja mtu. Nikanunua karanga. Alinifungia ndani ya tiketi ya kodi ya soko. Nikazila njiani nikirudi Panda, gizani, na mpaka leo sentensi ile hakuna aliyekwenda kuisema.