Omena Zilizoendelea Kuonekana Zipo

Mama alikuwa akikausha omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, kule Usenge, mimi nikiziuza Kisumu kwa mtandao. Mwanzoni ukurasa wa duka na hesabu ya stoo vilikuwa kitu kimoja kwenye kompyuta. Tukibadilisha picha, hesabu inavurugika. Stoo ikikwama, mteja anakuta ukurasa mweupe.

Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyeandika ile programu, akaamua kuvitenganisha.

"Mbele ni kile mteja anaona," alitueleza. "Nyuma ni stoo na oda. Mbele itakuwa inauliza nyuma. Nyuma ikinyamaza, mbele itatumia jibu la mwisho."

Mama ndiye aliyepima magunia kila asubuhi na kuingiza hesabu kwa simu. "Kwa hivyo nyuma ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe, Mama."

Akacheka, akarudi kugeuza omena zake.

Duka halikuzimika tena. Kisha asubuhi moja Mama akaanguka palepale kwenye nyavu za kuanikia. Majirani walimkimbiza hospitali ya Bondo. Nilipofika, muuguzi alinipa leso ya Mama ikiwa imekunjwa.

Wakati wa matanga simu yangu iliendelea kutetemeka mfukoni. Oda. Hakuna aliyekuwa amepima chochote, lakini duka liliendelea kusema omena zipo. Nilisalimia waombolezaji, nikaonyesha watu viti. Mwili wangu ulifanya kazi, ila sikuhisi kitu.

Mteja mmoja wa mtaa wa Milimani akapiga simu. "Bwana, mzigo wangu uko wapi? Kwenu kunaonyesha zipo."

"Anayepima amefariki."

"Nani huyo?"

"Mama yangu."

"Woi, pole sana. Achana na hiyo oda kabisa."

Nikamshukuru kwa sauti ile ile ninayotumia na wateja wote.

Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu. "Nizime?"

"Sijui."

Hakuzima. Alikaa chini, akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Nilimtazama. Nilijua nilipaswa kumshika bega, ila mkono haukuinuka.

Baada ya mazishi niliingia stoo peke yangu, nikapima magunia yaliyobaki na kuingiza hesabu. Nikafungua duka kwenye simu. Namba ilikuwa imebadilika.

Siku hizi anayepima ni jirani yake Mama, mama mmoja mkimya, naye huingiza hesabu jioni. Wateja hawajaona tofauti. Shangazi hunipigia kuuliza kama nimelia. Ninamwambia bado.